Kituo Kimoja

Masikio yangu husikia hata chungu akipiga chafya, kwa hiyo kukaa nyuma ya mwalimu na mwenye duka kwenye basi kulinitosha. Mwalimu alishika barua ya wazazi wanaotaka sigara na pombe zisiuzwe karibu na shule. Mwenye duka hakushika kitu, ila kidevu alikiinua juu.

"Duka langu liko mbali, mwalimu. Nimepima mwenyewe, hatua mia tatu."

"Kwa miguu ya nani, bwana? Ya kuku?"

Tulicheka, mwenye duka hakucheka. "Na watoto siwauzii, wanatumwa. Yule binti wa darasa la saba mwenye kovu shavuni, kila asubuhi anamchukulia baba yake kichupa. Ana adabu, hata shikamoo hasahau."

Mwalimu aliikunja ile barua taratibu. "Baba yake tulimzika mwaka jana, ndugu yangu. Pombe ilimmaliza ini."

 

"Shuleni na dukani," kondakta akaita, maana kituo ni kimoja. Mwalimu akashuka. Mwenye duka akabaki ameinamia viatu vyake.

"Mzee," kondakta akamwuliza, "leo hushuki?"