Mama Bahasha na Kesi Mbili za Ada za Meno

Leo Ijumaa, tarehe 28 Juni, kumekucha na manyunyu mepesi. Karani mkuu wa masijala ya Bodi yetu ya Huduma za Meno amefika kazini saa moja na dakika kumi, kama alivyofanya kwa miaka thelathini na mmoja. Jioni atakabidhi funguo na kustaafu rasmi.

Alianza kama mpiga chapa. Mwaka wa nne alihamishiwa masijala, chumba cha dirisha moja nyuma ya ngazi, na huko ndiko alikopewa jina la Mama Bahasha. Kila barua iliyoingia aliibana pamoja na bahasha yake, muhuri wa posta ukionekana. Tulimtania kwamba siku moja bahasha zitamfukia. Alisema akifukiwa, angalau tutajua ni tarehe ngapi. Kila mtu kwake ni mwanangu, hata mkurugenzi, anayemzidi umri kwa miaka miwili.

Kisha ikaja kesi. Serikali, kupitia Bodi yetu, ilikuwa imeweka kikomo cha ada za matibabu ya meno, maana wagonjwa wengi waling'olewa meno ambayo yangeweza kuzibwa, kwa kushindwa gharama za kuziba. Chama cha madaktari wa meno kikaenda mahakamani, kikidai wanachama wake hawakuulizwa maoni kama sheria inavyotaka. Sisi tulikuwa na daftari linaloonyesha kila daktari alitumiwa barua, tukajiona tumeshashinda.

Yeye ndiye aliyefungua jalada la barua zilizorudi. Sitini na tatu zilikuwa zimerudishwa na posta, kwa sababu tulitumia orodha ya anwani za zamani, na orodha hiyo aliichapa mwenyewe. Wapo waliomwambia dada, rudisha hilo jalada kabatini, nani atauliza. Akalipeleka kwa mwanasheria wetu, akasema kosa ni lake na bahasha ndizo hizo.

Tulishindwa. Kanuni za ada zikafutwa, na kwa miezi kadhaa baadhi yetu, mwandishi wa maneno haya akiwemo, tulimsalimia shingo upande.

Tukaanza upya. Alipiga simu kliniki moja baada ya nyingine kuhakiki anwani, mpaka wapokezi wakaijua sauti yake na kumsimulia habari za wakwe zao. Safari hii madaktari walikuja kweli kutoa maoni. Walilalamika, lakini pia walitufunza: kikomo cha kuziba jino kilikuwa chini ya bei ya vifaa vyenyewe. Kikapandishwa kidogo, cha kung'oa kikabaki palepale.

Wamiliki wachache wa kliniki walipofungua kesi ya pili kupinga kanuni mpya, jaji alidai uthibitisho kwamba madaktari walishauriwa. Akaletewa majalada saba, pamoja na bahasha zake. Ombi lao likatupiliwa mbali. Leo orodha ya ada imebandikwa mapokezi ya kila kliniki, na wapokezi wanatuambia wagonjwa wanaozibwa meno wameanza kuwazidi wanaong'olewa.

Mama Bahasha, asante kwa kukubali tushindwe kwa haki kabla ya kushinda. Binti yako ametuambia kwamba siku ya hukumu ya pili ulisema unajinyoosha kidogo tu, hata viatu hukuvua, na saa moja na nusu jioni ulikuwa umelala fofofo. Tunakuombea miaka mingi ya usingizi kama huo.