Risasi Iliyotangulia: Maisha ya Wilhelmina Kokuberwa Masele (1963–2024)

Ndugu, jamaa na majirani mliofika hapa Mkolani mchana huu, tunayemsindikiza ni Wilhelmina Kokuberwa, mke wa Mihayo Masele, mama yake Odeta, na dada yangu mimi Felicitas ninayewasomea. Alizaliwa tarehe 2 Februari 1963 huko Kamachumu, wilaya ya Muleba, katika nyumba ya marehemu Mzee Laurian Ishengoma, mkulima wa kahawa na migomba. Alikuwa mtoto mkimya mwenye macho makali. Mama yetu alikuwa akimsimamisha mlangoni na kumuuliza ni nani yule anayepandisha kilima ng'ambo ya bonde, na Wilhelmina alimtaja mtu wakati sisi wengine tulikuwa hatujaona hata kama kuna mtu.

Alisoma shule ya msingi Kamachumu, kisha sekondari ya wasichana mjini Bukoba, alikomaliza mwaka 1981. Baba alitaka awe muuguzi. Yeye akaomba chuo cha wanyamapori Mweka, kule Moshi, na alipokubaliwa alimwonyesha baba ile barua. Jioni baba akamwambia, "Haya. Lakini usije ukajipiga mguu."

Huko Mweka ndiko alikochagua bunduki ya maisha yake. Mwalimu wa silaha aliwapa wanafunzi bunduki za vipimo mbalimbali vya risasi wajaribu moja moja. Ile kubwa ya 458, ya tembo na nyati, ilimpiga teke akakaa chini, wenzake wakacheka. Ile ya 30-06 aliipenda kwa usahihi wake, ila hakuiamini kwa mnyama mwenye mifupa mizito. Alipofika kwenye ile ya 375, ya katikati kwa nguvu, alipiga mara moja, akatulia, akaomba apige tena. Mwalimu alimuuliza ameona nini. "Inafika inapotumwa," alijibu, "na bega langu haliiogopi." Vijana wa kazini walipokuwa wakibishana kuhusu risasi ipi ni bora, yeye aliwaambia wachague ile wanayoweza kuipiga macho yakiwa wazi.

Mwaka 1985 aliajiriwa idara ya wanyamapori na kupangiwa Mwanza. Kazi yake ilikuwa viboko na mamba wanaosumbua watu kandokando ya ziwa. Ndivyo alivyompata shemeji yetu Mihayo, mwalimu wa hesabu. Shemeji alifika ofisini Nyamagana kulalamika kwamba kuna kiboko anamaliza viazi vya mama yake. Wilhelmina alikwenda, akamaliza kazi. Wiki iliyofuata Mihayo alirudi kulalamika kuhusu kiboko yule yule. "Huyo si tulishamla?" Wilhelmina alimuuliza. Mihayo akaomba maji ya kunywa. Walifunga ndoa takatifu tarehe 6 Oktoba 1990, na Mungu akawajalia binti mmoja, Odeta.

Sasa naomba mnivumilie, kwa sababu lifuatalo marehemu mwenyewe alitaka lisomwe.

Mwezi Agosti 1998 aliitwa kijiji cha Nyamihanga, upande wa Sengerema, ambako mamba alikuwa amewachukua watu pale wanapoteka maji. Alilala juu ya mwamba tangu asubuhi, na mchana mamba alipopanda kuota jua, alimpiga risasi moja nyuma ya fuvu. Wanakijiji walimpasua. Karibu na risasi yake, mahali pale pale, palikuwa na risasi nyingine, nyeusi, iliyozungukwa na nyama iliyokwisha kupona. Aliileta ofisini. Rwehumbiza, mtunza ghala la silaha, aliiosha, akaipima, akasema, "Hii ni ya 375, Afande. Umempiga mara mbili?"

"Nimempiga mara moja."

"Basi kuna aliyekutangulia."

Katika wilaya ile hapakuwa na bunduki nyingine ya namna hiyo. Wote wawili walikubaliana kwamba labda ni mwindaji wa zamani, na mamba huishi miaka mingi. Wakaliacha hapo.

Mwaka 2004 aliitwa tena, ufuko ule ule, mamba mwingine, mdogo kuliko wa kwanza. Alipiga mara moja. Ndani walikuta risasi mbili zimelala sambamba, moja inang'aa, nyingine nyeusi. Mihayo anakumbuka kwamba siku hiyo mke wake aliporudi nyumbani alinawa mikono kwa muda mrefu sana, kisha akakaa uani bila kuwasha taa.

Alidhani tatizo ni ile bunduki. Mwaka 2007 ofisi ilipopokea bunduki mpya ya 30-06, aliomba apewe yeye. Bunduki ile ilitolewa kwenye sanduku mbele yake ikiwa bado na mafuta ya kiwandani. Alipoitwa Nyamihanga mara ya tatu, ndiyo aliyokwenda nayo. Rwehumbiza alifuatana naye, na ndiye aliyempasua yule mamba kwa mkono wake. Alizitoa risasi mbili akaziweka juu ya jani. Zote zilikuwa za 30-06. Moja ilikuwa ya zamani, mfupa umeota juu yake.

"Afande," Rwehumbiza alimwambia, "tusimwambie mtu."

"Nani atatuamini?" alijibu dada yangu.

Tangu siku hiyo aliacha kuwinda. Aliomba ahamishiwe kufundisha askari wapya kulenga shabaha, na hapo wengi wenu ndipo mlipomfahamu. Alitumia bunduki ndogo, ya risasi nyembamba zisizo na kishindo, na vikombe alivyoshinda kanda ya ziwa viko sebuleni hadi leo. Niliwahi kumuuliza kama hatamani kurudi porini. Akaniambia, "Felicitas, karatasi ya shabaha naibandika mwenyewe. Naiangalia kabla sijapiga, naikuta nzima." Sikuelewa. Alinieleza baadaye sana.

Mwezi Machi 2013 mwanamke mmoja wa Nyamihanga, Dorcas, alifika hapa hapa Mkolani akiwa na kanga moja begani na uso uliovimba kwa kulia. Mdogo wake, Evelina, alikuwa amechukuliwa akisuuza vyombo. Nilikuwepo, nimekuja kumsalimia dada.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaa kwanza."

"Sikai, mama. Wamekuja askari, wamepiga, wamekosa. Watoto wanakwenda majini kwa sababu hatuna bomba. Nimeambiwa wewe hukosi."

"Mimi huko sirudi tena," Wilhelmina akasema. "Kuna jambo silielewi."

"Hata mimi sielewi," Dorcas alisema. "Nimezika kanga yake tu, mama. Hatukupata kingine."

Dada aliingia ndani. Alipotoka alikuwa amevaa viatu vya kazi. Ghalani, Rwehumbiza alimuuliza anachukua ipi. "Ile ya kwanza," alijibu. "Kama risasi zote mbili ni zangu, basi niitumie bunduki ninayoijua."

Alinisimulia mwenyewe kilichotokea kule. Mamba alipanda mchangani saa za alasiri, mbali kidogo, jua likiwa nyuma yake. Dada alipomtazama kwa darubini ya bunduki, nyuma ya fuvu aliona alama ndogo ya mviringo, ngozi imejifunga, kovu la siku nyingi. Hakuwa na haja ya kutafuta pa kulenga. Alisema kilichomtisha si kovu. Kilichomtisha ni kwamba mamba alikuwa ametulia, amemgeuzia alama ile, kama mtu anayesubiri amaliziwe jambo. Akalenga katikati ya kovu, akapiga.

Wanakijiji walikuja na mapanga. Akawazuia. Aliwaomba wachimbe shimo, wamzike mzima.

"Hutaki kuona kilichomo?" Dorcas alimuuliza.

"Mdogo wako hayumo humo, mwanangu. Siku zimepita. Na kingine nakijua."

Ni miaka kumi na moja sasa, na Nyamihanga hakuna mtu mwingine aliyechukuliwa. Dorcas yuko nasi leo, amekaa pale na wanawake wa kijiji chake. Wamekuja na samaki na unga wa msiba, tunawashukuru.

Marehemu alistaafu mwaka 2018. Mwaka 2022 figo zake zilianza kushindwa kazi kutokana na kisukari, akawa anakwenda kusafishwa damu hospitali ya rufaa hapa Mwanza. Mihayo hakukosa kumsindikiza, na tunawashukuru madaktari na wauguzi kwa upole wao. Aliugua kwa subira, ila aliwakataza wageni kumsimulia habari za uwindaji. Alipokea mpako mtakatifu wa wagonjwa tarehe 10 Septemba 2024, na Jumamosi tarehe 14, baada ya chakula cha mchana, alilala akiwa ameshika mkono wa Odeta, wala hakuamka tena.

Kabla ya hapo, wakubwa wake wa zamani walikuwa wamemtumia Mihayo salamu kwamba siku ikifika, askari watapiga risasi hewani kumpa heshima. Mihayo alimweleza, akidhani atafurahi. Alikataa.

"Hewani hakuna kitu, mke wangu," Mihayo alimwambia. "Wanapiga juu tu."

"Juu hakuna kitu sasa hivi," alisema. "Wale mamba wote niliowapiga, risasi yangu yenyewe ilikuwa imeshawafikia miaka mingi kabla sijaipiga. Mwambie Rwehumbiza wasipige. Mtakuwa mmekusanyika wengi, na mimi sitakuwepo kuangalia nani kati yenu ana kovu linaloisubiri risasi."

Kwa hiyo mtawaona askari wamesimama kandokando ya kaburi mikono mitupu. Bunduki zimebaki ofisini. Familia imeombwa hivyo, na familia imetii. Watakapopiga saluti, tunaomba kila mmoja wetu anyamaze kidogo.

Marehemu ameacha mume, Mihayo Masele, binti, Odeta, na mkwe wake, Machibya, wajukuu wawili, mimi mdogo wake Felicitas, pamoja na wakwe, mashemeji na askari wengi aliowafundisha kushika bunduki bila kufumba macho. Wilhelmina, umefanya kazi uliyotumwa. Bwana akupokee, akulaze mahali penye utulivu, na amani yake ikae nawe.