Pilipili Mguuni

Ndani ya treni ya asubuhi, mbele yangu, mbwa wa mwashi mmoja alikuwa akijilamba mguu uliokwisha manyoya, nyama imebaki nyekundu.

"Msafi huyu," mwashi alimwambia mama aliyekaa kando yake. "Ila kazidi. Nimempaka pilipili ili aache."

Mama akamgeukia. "Pilipili kwenye kidonda, baba?"

"Shemeji ndiye aliyenishauri."

Shemeji mwenyewe, nadhani, hajawahi kupakwa.

"Huo si usafi," mama alisema. "Mimi nafuga mbwa. Huenda ana viroboto, au kuna chakula kinachomwasha, au kiungo kinamuuma. Mwoshe pilipili hiyo kwa maji safi, umpeleke kwa daktari wa mifugo leo hii."

"Viroboto hana, nimemkagua."

"Kutwa anashinda na nani?"

Mwashi akamtazama mbwa. "Peke yake. Mke wangu ndiye aliyekuwa akimtembeza. Tumemzika mwezi uliopita."

Hata mimi nilishtuka.

"Pole sana, baba. Basi na yeye kafiwa. Usimwache mpweke."

"Mbwa hafiwi, mama."

"Anafiwa."

Treni ikasimama. Mwashi akainama, akambeba mbwa kifuani kama mtoto mchanga, akashuka akirudia, "Hafiwi."