Chupa Zilizosuguliwa kwa Mchanga

Benchi la kijiwe lilikuwa limeegemezwa kwenye kibanda cha mshona viatu, jirani na jiko la muuza kahawa, na mwenye kibanda alijulikana kwa jina la Gundi. Tangu bomba la mtaa lianze kutapika maji ya rangi ya kutu, Gundi alikuwa akimwekea bintiye, aliyekuwa na mimba kubwa, maji ya kisima katika chupa kuukuu za plastiki. Kwa kuwa hakuvumilia uchafu, kila asubuhi alitia mchanga mkavu ndani ya chupa hizo, akazitikisa kwa nguvu zake zote, akazisuuza, ndipo akazijaza. Alikuwa akitikisa chupa wakati Spika, fundi redio, alipofika na habari motomoto.

— Mmesikia? Plastiki tunainywa! Vipande vidogo, macho hayavioni. Wataalamu wamevikuta kwenye maji, wamevikuta hata kwenye damu za watu.

— Umesikia kwenye redio yako ile iliyofungwa kamba? — aliuliza Daktari, ambaye jina hilo alilipata kwa kulinda geti la hospitali.

— Kamba inayo, uongo haina.

— Kumbe ndiyo maana siku hizi mvua ikininyeshea siloani!

— Cheka tu. Sisi tukifa hatuozi. Watatufukua tunang'aa kama ndoo mpya.

— Mi naona ndiyo vipara hivi, — alidakia muuza kahawa huku akimimina. — Kichwa kimezibwa kwa ndani, nywele zitapenya wapi?

Daktari alipapasa upara wake, akanuna. Gundi hakucheka.

— Nani katuingiza humu? Bomba lingekuwa bomba, mimi ningeshika chupa? Wametuachia tope, wakatuuzia plastiki, leo wanatutangazia redioni kwamba tumeshaimeza! Tumbo langu limekuwa jalala la nani?

— Waambie, kaka! — alisema muuza kahawa.

— Na madhara yake ni yapi? — Gundi aliendelea. — Sema, Spika!

— Wanashuku mambo ya homoni, ya moyo, hata ya uzazi. Ila bado wanachunguza.

— Wanachunguza huku sisi tunakunywa?

Aliitikisa chupa kwa hasira, mchanga ukalia. Spika akautazama mkono ule.

— Gundi, ndugu yangu. Soli ukiipiga msasa, lile vumbi linatoka wapi?

— Si kwenye soli! Kwani...

Aliielekeza chupa kwenye mwanga. Ndani ilikuwa imejaa ukungu mweupe wa mikwaruzo, ambao haukuwamo chupa ilipokuwa mpya.

— Nimezikwangua mwenyewe, — alisema. — Kwa mikono yangu hii.

— Usijitie presha, — Daktari alimtuliza. — Si unazisuuza? Halafu mtoto aliye tumboni kajifungia, hafikiwi na kitu.

Spika alikohoa.

— Wamevikuta hadi kwenye kondo la nyuma.

Hapo ndipo walipomwona binti mwenyewe nyuma ya benchi, mkono kiunoni, amefuata maji yake.

— Shikamooni.

— Marahaba, mama.

— Baba, haya niliyokwisha kunywa yamemfanya nini mtoto?

Gundi alimtazama Daktari, Daktari akamtazama Spika. Muuza kahawa aliinama akapuliza makaa yaliyokuwa yakiwaka vizuri tu. Binti hakuondoka, alisimama palepale akisubiri kujibiwa.