Bi Mwanakheri na Dashibodi ya Gari Nyekundu

Baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi, Bi Mwanakheri Ame anastaafu tarehe 30 Juni 1973, na karakana yetu ya magari itabidi izoee asubuhi zisizo na kicheko chake. Kazi hiyo sisi tuliobaki hatuifurahii hata kidogo.

Alianza mwaka 1944 hospitalini, katika chumba cha kushonea mashuka, mapazia na makoti ya wauguzi. Mwaka 1966 karakana ilipokosa mshonaji wa viti vya magari, alikuja mwenyewe kuiomba nafasi. Wapo waliomuuliza mwanamke atafanya nini kwenye grisi. Akawajibu kwamba viti havishonwi kwa grisi. Bwana Nahodha Mzee, mkuu wa karakana wakati ule, alimpokea kwa majaribio hadi katikati ya mwaka uliofuata. Akishindwa, atarudi kwenye mashuka.

Ndani ya majaribio hayo ndipo ilipoingia ile gari nyekundu. Ilikuwa gari ya spoti ya watu wawili, ya kizamani, iliyokuwa imeachwa Mtoni katika ua usio na paa. Machano, fundi wetu wa injini, aliihangaikia kila baada ya kazi mpaka siku moja ikanguruma, na karakana nzima ikatoka mbio kwenda kuitazama. Mwaka wa nyuma, kwenye maandamano ya wafanyakazi, lori letu lilizimika mbele ya umati, tukalisukuma huku wenzetu wa idara ya uchapaji wakitupigia makofi ya kejeli. Safari hii tulitaka kupita kwa kishindo.

Kilichobaki ni dashibodi, ule ubao wa mbele ya dereva unaobeba mita za spidi na petroli. Jua na mvua za Mtoni zilikuwa zimeupasua upande hadi upande, ngozi yake ya plastiki imekunjamana na sponji imetoka nje. Bwana Nahodha akamkabidhi Bi Mwanakheri. Yeye akaziba nyufa kwa puti ya madirisha, akapaka rangi nyeusi, akatuita tuone. Iling'ara, na yeye mwenyewe alitamba siku nzima.

Siku ya pili Machano akaitoa gari kwenda kuijaribu njia ya Chwaka, Bi Mwanakheri amekaa kando yake. Hawakufika mbali. Kwenye mashimo ya kwanza nyufa zilifunguka, vipande vikamwangukia bibi mapajani, na mita ya spidi ikatoka mahali pake ikabaki inaning'inia kwenye waya. Machano alituhadithia baadaye kwamba njia yote ya kurudi bibi huyu aliishikilia mita ile kwa mkono mmoja na kuokota vipande kwa mwingine.

Alikwenda moja kwa moja kwa Bwana Nahodha na kumweleza kilichotokea. Mkuu hakumficha: maandamano yalikuwa wiki ileile, na kama ubao ule hautatengenezeka, gari haitatoka, na yeye mshonaji itambidi aagane na karakana. Bi Mwanakheri akamsikiliza mpaka mwisho.

"Nilikuwa nnaipaka poda," akasema. "Huyu mgonjwa anataka operesheni."

Na operesheni ikafanyika. Kila waya Machano alioufungua, yeye aliufunga uzi wa rangi yake ili urudi mahali pake. Ubao ulipotoka alikwangua plastiki na sponji yote, akatoboa kwa keke tundu dogo kwenye ncha ya kila ufa ili usiendelee kukimbia, akabandika turubai na gundi upande wa nyuma, akazijaza nyufa na kuupiga ubao msasa mpaka ukawa laini. Juu yake akatandika kipande cha blanketi. Ikabaki ngozi ya kuuvika, na madukani hakukuwa na kitu.

Akamwendea Shaame, mshonaji wa makubadhi wa Darajani, aliyekuwa na ngozi ya mbuzi nyeusi, laini, aliyoitunza kwa kazi maalumu. Shaame akakataa kuiuza. Bi Mwanakheri alibembeleza, akabembeleza tena, mwisho akampa ahadi ambayo hakuwa na ruhusa ya kuitoa: Shaame mwenyewe atakaa ndani ya gari nyekundu siku ya maandamano. Shaame akaikunja ngozi, akampa.

Aliilowesha, akaivuta juu ya ubao na kuipigilia kwa nyuma. Kwenye matundu ya mita aliichana kidogo kidogo na kukunjia ncha ndani. Lakini ilikuwa masika, na ngozi ilikataa kukauka. Ndipo alipokumbuka chumba cha pasi cha hospitali, ambacho hakipoi. Yeye na Machano wakaubeba ubao chini ya turubai, mvua ikiwapiga mitaa yote, na wenzake wa zamani wakaulaza katikati ya mashuka yaliyokunjwa. Walipoufuata, ngozi ilikuwa imeushika ubao kama imeota hapo.

Alfajiri ya maandamano mvua ilikatika. Gari ikatoka, Machano kwenye usukani na Shaame kando yake kwa idhini ya Bwana Nahodha, ameketi kama bwana harusi. Bi Mwanakheri alitembea pembeni, mkono juu ya mlango, jicho halibanduki kwenye dashibodi. Mashimo yalipita, mita zikatulia. Tulipokaribia umati, Shaame alimwomba Machano asimame, akateremka.

"Bi Mwanakheri, panda wewe," akamwambia. "Ngozi yangu wameshaiona. Nataka wamuone fundi."

Akapanda. Sisi nyuma tulishangilia mpaka sauti zikatukauka, na hata wale wa uchapaji walipiga makofi, safari hii ya kweli. Bwana Nahodha hakungoja katikati ya mwaka kumthibitisha kazini.

Tangu siku hiyo viti vya mabasi, magari ya wagonjwa na malori ya Unguja vimepita mikononi mwake. Amewafundisha kazi wasichana wanne, Bi Sichana akiwa wa kwanza, naye ndiye anayeirithi cherehani. Wote wanne wanakwangua kwanza, ndipo wanapoziba. Mwalimu wao hakubali vinginevyo.

Bi Mwanakheri, ahsante kwa mishono yako, kwa ukali wako na kwa chai ulizotunywesha kwa nguvu. Tumesikia kwamba ukistaafu unataka kujifunza kuendesha gari, na kwamba Machano ameshakubali kukufundisha. Mungu akupe afya, siha na miaka mingi ya raha. Barabara ya Chwaka tumeshaiambia ikae tayari.