Kwaheri Mama Laurinda, Mkalimani Wetu wa Miaka Kumi na Mitano

Jumatatu tarehe 30 Juni 1975, Mama Laurinda Namkosya anastaafu kazi ya ukalimani katika Utume wa Njia ya Injili, kituo cha Mtwara, baada ya kutumikia kwa miaka kumi na mitano. Anayeandika haya ni dereva wa Utume, aliyekaa naye kiti cha mbele cha Landrova kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo. Hakuna mtu mwingine hapa kituoni anayejua jinsi mama huyu anavyoweza kusinzia kwenye barabara yenye mashimo huku kikapu cha mayai kimetulia mapajani, na yai lisivunjike.

Kwa wageni wetu wa leo, Utume huu ni wa mapadre na walei wa mataifa kadhaa wanaokwenda vijijini kuhubiri Injili. Hatuna shamba wala kiwanda. Tunaishi kwa sala na sadaka za watu tunaowaita Marafiki wa Utume. Wengi wao wako ng'ambo na hawajawahi kuiona Mtwara. Wengine wako hapa hapa mtaani kwetu Chuno, na hao tutawafikia.

Mama Laurinda alizaliwa ng'ambo ya Ruvuma, akaja upande huu akiwa mke wa marehemu Agostinho, aliyekuwa mkata mkonge. Mwaka 1960, akiwa mjane, aliajiriwa na Utume kufua nguo za mapadre. Huenda angefua mpaka leo, ila siku moja tulikuwa na mkutano karibu na Mnazi Bay na mkalimani wetu akaamka na homa. Padre Anselmi alikuwa ndiyo kwanza amefika kutoka Ulaya. Kiswahili chake kilikuwa cha kitabuni, na watu waliokusanyika wengi walikuwa wazee wa Kimakonde. Mama Laurinda alikuwa amekuja kupika. Akafuta mikono kwenye kanga, akasimama kando ya Padre.

Mambo yalikwenda vizuri hadi Padre alipofika kwenye maneno ya Bwana wetu kwa wenye kulemewa na mizigo. Alitaka kusema, "nami nitawapumzisha." Kwa sauti kubwa, mikono ameinyoosha, akasema, "Njooni kwangu nyote, nami nitawapumbaza!" Waliojua Kiswahili waliinamisha vichwa, mabega yakawa yanatikisika. Mama Laurinda hakupepesa hata jicho. Alilitoa neno la kupumzika kwa Kimakonde kizuri, polepole, na bibi mmoja pale mbele akaanza kulia. Padre akaamini ni yeye aliyemliza. Alipoambiwa ukweli garini alicheka mpaka akavua miwani, na kuanzia siku hiyo hakukubali mkalimani mwingine.

Walivyofanya kazi pamoja ni jambo la kutazamwa. Padre akipandisha sauti, Mama Laurinda alishusha yake, watu wakasogea. Padre akirefusha, yeye alifupisha, na watu wakamshukuru. Bwana Athumani, mkulima wa korosho na balozi wa nyumba kumi katika kijiji kimoja upande wa Kilambo, ni Mwislamu safi asiyekosa sala hata moja. Hata hivyo kila tulipopita kijijini kwake alileta kigoda chake na kukaa nyuma ya mkutano. Tulipomuuliza, alijibu, "Dini yenu yenu, yangu yangu. Mimi nimekuja kumsikiliza dada huyu anavyosema."

Sasa tuje kwenye mwaka 1965, maana huwezi kumuaga Mama Laurinda ukauruka.

Vita ng'ambo ya mto ilikuwa imewaka, na wakimbizi walikuwa wakivuka Ruvuma na watoto mgongoni. Wengi walifikia kijijini kwa Bwana Athumani. Ilikuwa Julai, miezi ile ya upepo wa kusini, na watu walilala juu ya majani. Marafiki wa Utume wa ng'ambo walikuwa wametuletea marobota ya mablanketi, na pamoja nayo alikuja mjumbe wao, Bwana Kolbert, mtu mwenye bidii na kamera shingoni. Tukapakia, tukaenda.

Wakimbizi walikusanyika mbele ya gari. Bwana Kolbert alimweleza Padre Anselmi kwa Kiingereza kwamba wafadhili wametoa mali yao kwa ajili ya Kanisa, hivyo waliobatizwa ndio wapewe. Padre alibishana naye kwa muda, uso umemwiva, kisha akakubali shingo upande. Akamgeukia Mama Laurinda.

"Waambie waliobatizwa wasimame upande wa kulia. Wengine wasubiri kule."

Mama Laurinda akawatazama watu.

"Mama Laurinda, mbona kimya?"

"Padre, neno hilo halina Kimakonde."

"Lina. Wewe mwenyewe uliniambia kila neno lina Kimakonde chake."

"Basi mdomo wangu ndio hauna."

Alisema bila ukali, kama mtu anayeeleza kwamba chumvi imekwisha. Bwana Kolbert akauliza kuna nini, na alipoambiwa, akaamuru marobota yarudishwe garini. Gari likarudi Mtwara na mablanketi yote. Mama Laurinda hakupanda. Alisema atabaki.

Si haki kuisimulia siku hiyo kama ushindi, na yeye mwenyewe hapendi isimuliwe hivyo. Kati ya wakimbizi alikuwepo Isabel, mama kijana aliyejifungua njiani na aliyeelewa Kiswahili kidogo. Alimfuata Mama Laurinda akiwa amemkumbatia mtoto na kumwambia, "Mama, mimi nimebatizwa. Ungesema lile neno, mwanangu leo angefunikwa." Mama Laurinda anasema maneno hayo anayasikia mpaka leo. Alifungua kanga yake ya juu, akamfunika mtoto, akaondoka kwa miguu kwenda kumtafuta Bwana Athumani.

Bwana Athumani naye hakukaa. Alipita nyumba kwa nyumba. Magunia ya korosho yakatolewa, mikeka ikatolewa, mkewe Sharifa akawahamishia jikoni kwake wanawake wenye watoto wachanga, Isabel akiwa wa kwanza. Kesho yake Mama Laurinda alipata lori la chumvi likielekea mjini, akaomba nafasi, akafika Chuno na kuanza kubisha hodi. Hakuhubiri. Aliwaambia wanawake wenzake, "Kuna watoto wanatetemeka kule mtoni. Nipeni kanga mliyoichoka." Akina mama wa Kikristo walitoa, wa Kiislamu walitoa, na wengi hawakutoa zile walizozichoka. Lori lile lile la chumvi liliporudi, lilibeba kanga, unga wa muhogo na Mama Laurinda juu ya mizigo.

Juma lililofuata Bwana Kolbert alisafiri, na Padre Anselmi akapakia mablanketi tena bila kumwuliza mtu. Kijijini alikuta moto umewashwa, watu wamefunikwa kanga za kila rangi, na mkalimani wake akisonga ugali pamoja na Sharifa. Akasimama mbele ya watu, akasema kwa Kiswahili chake, "Kila mtu achukue." Kisha akamtazama Mama Laurinda.

"Hilo nalo halina Kimakonde?"

"Hilo lina, Padre," akasema, akaacha mwiko chunguni na kulitangaza kwa sauti ambayo nadhani ilisikika ng'ambo ya mto. Mtoto wa Isabel alipata blanketi la bluu. Yuko hai, na kwa habari tulizo nazo, ni mtundu sana darasani.

Hata hivyo malalamiko ya Bwana Kolbert yalikuwa yameshafika makao makuu ya Utume, na Mama Laurinda alisimamishwa kazi. Alirudi kufua nguo, safari hii nguo za watu wa mjini, na hakumsema vibaya mtu yeyote. Sisi tuliendelea na mikutano kwa Kiswahili cha Padre peke yake. Watu walikuja kwa heshima, wakakaa kwa heshima, kisha wakauliza, "Yule mama yuko wapi?"

Padre Anselmi alipokwenda likizo Ulaya, alizunguka parokia za wafadhili akawaeleza mwenyewe yaliyotokea, bila kuficha kwamba yeye ndiye aliyekuwa amelikubali agizo lile. Alituambia kwamba katika ukumbi mmoja mdogo alisimama bibi mzee, mmoja wa waliofuma mablanketi yale kwa mikono yao. Akauliza ni nani aliyewaambia kwamba yeye alikuwa akifuma kwa ajili ya watu wa dini yake tu. Alikuwa akifuma kwa ajili ya wenye baridi, akasema, akaketi. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Marafiki hao hao waliandikia makao makuu wakitaka mkalimani arudishwe, na baada ya Pasaka ya 1966 alirudi kiti cha mbele. Agizo la kuuliza ubatizo halikusikika tena.

Kutokana na zile kanga, Mama Laurinda alianzisha Marafiki wa Utume wa Chuno. Hao ndio wanaotupatia unga na samaki wa kukaanga kila tunapotoka safari, na baadhi yao siku ya Ijumaa huwaona waume zao wakienda msikitini. Zamani tulidhani wafadhili ni watu wa ng'ambo. Mama huyu ndiye aliyetuonyesha wengine waliokuwa wakiishi nyuma ya nyumba yetu. Aidha, amemfundisha kazi Bi Joana, atakayeshika nafasi yake, na aliyekwisha onywa kuhusu Kiswahili cha mapadre wageni.

Mwezi uliopita tulifanya naye safari ya mwisho. Mahubiri yalipokwisha, Padre Anselmi, ambaye sasa ana mvi na anapumzisha watu bila kuwapumbaza, alikaa chini na kumwomba aseme maneno yake mwenyewe. Alishtuka. Alishika kipaza sauti kana kwamba ni mara ya kwanza kukiona, akasema kwa Kimakonde: "Mmenisikiliza miaka yote hii nikisema ya wenzangu. Langu ni kuwashukuru. Nilianza kuja kwenu sina tena mume wala nchi, nanyi mkanipa mahali pa kusimama." Akarudisha kipaza sauti, akauliza kama chakula kimeiva. Bi Joana alimtafsiria Padre, na Padre akavua miwani.

Mama Laurinda, sisi wa Utume, Marafiki wa Chuno na Marafiki wa ng'ambo ambao hukuwahi kuwaona, tunakushukuru kwa kila neno ulilolisema kwa niaba yetu, na kwa lile moja ulilokataa kulisema. Pumzika sasa. Mungu akupe afya, jirani wema na vyungu vilivyojaa. Tunakuombea miaka mingi na yenye amani, na gari likipita Chuno litapiga honi mlangoni kwako.

Andrea Chitanda,
dereva wa Utume