Kupiga Mahalule

Mwaka ule wanunuzi binafsi walishajaa Mbinga mjini na mizani zao, bei ya kahawa ikaporomoka, na benchi la mama Hedwiga nyuma ya soko halikukosa watu. Aliwauzia kahawa nyeusi wakulima ambao majumbani kwao hawainywi. Siku hiyo walikuwa wakimsema jirani aliyeng'oa mibuni yake yote. Mtaani wanasema amepiga Mahalule. Hedwiga alikaza mkono kwenye birika. Mahalule lilikuwa jina la baba yake, na mjini hapo hakumwambia mtu. Hata mzee Pankras, ambaye kijana wake alikuwa akimposa binti wa Hedwiga, Hedwiga alimdanganya kwamba baba yake alikufa kwa malaria.

— Mahalule alikuwa Mreno, alisema Sindano, fundi cherehani. Alikimbia vita ng'ambo ya Ruvuma, akamalizia hasira kwenye kahawa za watu.

— Acha uongo wewe! alidakia Joakim, waliyemwita Redio. Mmatengo kabisa, wa kule Liparamba. Alikuwa anatafuta hela za Mjerumani zilizofukiwa shambani.

— Akazipata?

— Alipata kichaa!

Wakacheka. Pankras alingoja wamalize.

— Nyie hamjui kitu. Yule alikuwa mchawi. Chini ya kila mbuni alizika mtoto wa mtu. Ukoo wote una laana, mwenye akili zake haoi kwao.

Watoto gani, mzee mwongo wee! Hedwiga alimwona baba yake aking'oa shina baada ya shina ili apande mahindi wapate kula, viganja vikivuja damu, kisha akanywa dawa ya kupulizia mibuni, akafa. Akamwongezea Pankras kahawa.

Ndipo akafika katekista Nazari na daftari la majina ya kuombewa Siku ya Marehemu.

— Muandike na Mahalule, katekista! alitania Redio.

Nazari hakucheka. Alitoa kalamu.

— Jina lake la ubatizo?

Wakatazamana. Miaka mitano tangu baba afe, Hedwiga alikuwa hajathubutu kulipeleka jina hilo kanisani, kwa aibu tu.

— Bartholomayo, alisema. Ni baba yangu mzazi.

Nazari akaandika. Pankras alitua kikombe kikiwa kimejaa, akachukua kofia yake, akaondoka bila kuaga.

— Mama Hedwiga, aliuliza Redio kwa sauti ya chini, sasa binti utamwambia nini?

Hedwiga alichukua kikombe cha Pankras, akaimwaga kahawa chini.